Maji ya Bunia Hayafiki Mia

Bunia, alasiri, kabla hujarudi kutoka kusukwa

Sifa wangu,

Umeenda kwa Mama Zawadi kusukwa nywele za safari, na nyumba imekuwa kimya hata nasikia makala yakipasuka motoni kwenye mbabula, jiko letu la mkaa. Najua hatakuachia upesi. Jirani yetu huyo anasuka kwa mdomo zaidi kuliko kwa vidole. Basi nimekaa kwenye kiti chako, karibu na dirisha lile tulilolipigilia bati, nikuandikie yale ambayo kesho uwanjani sitaweza kuyasema, kwa kelele za ndege na kwa machozi yangu.

Mambo ya sabuni, ya viatu, ya nani umsalimie kwanza ukifika Kisangani, hayo shangazi yako Jozefina atakuambia. Yeye ni dada ya baba yako, na baba yako, kabla ugonjwa haujamchukua, alikuwa akisema kwamba dada yake anaweza kuamrisha hata mvua. Utalelewa vizuri. Hilo haliniogopeshi. Hata ile ndege ya mizigo hainiogopeshi sana, ingawa utakaa juu ya magunia ya maharage kwa sababu barabara ya Niania bado imefungwa.

Kinachoniogopesha ni kwamba umeacha kuuliza.

Unaenda kuanza sekondari, na umechagua mwenyewe kwamba siku moja utaingia sehemu ya sayansi, kama mimi. Nilifurahi uliposema hivyo. Halafu usiku ule nikafikiri: mtu aliyeacha kuuliza anaweza kupasi sayansi yote, hesabu na fizikia na kemia, apate na diploma yake ya Leta, ya serikali, bila hata siku moja kukutana na sayansi yenyewe. Najua kwa sababu mtu huyo nilikuwa mimi. Na wewe hukuzaliwa hivyo, Sifa. Nilikuwepo ulipokuwa unauliza, na nilikuwepo ulipoacha. Ndiyo maana naandika.

Nianze mbali kidogo.

Mimi nilisomea Nyankunde, wakati ule ambapo mtu angeweza kutoka Bunia asubuhi kwenda kumwona mgonjwa hospitalini na kurudi jioni na mihogo, bila kuulizwa yeye ni wa kabila gani. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na sauti ya mhubiri. Alifundisha kama wote walivyofundisha: anaanza sentensi, anaiacha ikining'inia, na sisi tunaimalizia kwa pamoja. Ilikuwa kwa Kifaransa, lakini nakuandikia kwa lugha ya nyumbani. "Hasi mara hasi ni cha…" Na kalasi nzima: "…nya!" Ukuta ulitetemeka. Tulibeba kuni huku tukiimba mraba wa jumla ya namba mbili, na wale waliotangulia njiani walituitikia, a mraba, mbili ab, b mraba, hadi mama zetu wakaanza kuimba na wao bila kujua a ni nani.

Siku moja niliinua mkono nikauliza kwa nini hasi mara hasi iwe chanya. Mwalimu aliniangalia kwa huruma.

"Weye mutoto wa kike, unataka kuolewa na hesabu? Ni kanuni. Shika kanuni, ikae."

Kalasi ilicheka mpaka kengele ikalia. Nilicheka na mimi. Nikashika kanuni, ikakaa. Nilikuwa wa kwanza mwaka ule, na miaka iliyofuata, na sikuuliza tena mpaka nikamaliza chuo cha ualimu, wewe ukiwa mgongoni mwangu. Unajua nilikuzaa nikiwa bado mwanafunzi. Tumekua pamoja kidogo, mimi na wewe.

Halafu nikawa mwalimu wa fizikia hapa Bunia, nikasimama mbele ya kalasi, nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mzee wa Nyankunde. "Maji yanachemka kwa digrii mi…" "…a!" Sikuwahi kufundishwa njia nyingine. Na nikuambie kweli, ilikuwa tamu. Wewe ulikuwa ukikaa kwenye benchi la nyuma kila nilipokosa mtu wa kukulinda, ukila karanga, na unaitikia na wao. Mpaka leo, nikipita mahali pale ilipokuwa shule yetu, penye kuta nyeusi na mabua ya mahindi ndani ya kalasi, nasikia lile "a" la mwisho likigonga mabati. Naujua ubovu wa wimbo ule, lakini ningetoa chochote niusikie asubuhi moja tu, wakiwa wote wameketi mahali pao.

Shule ilikuwa na kabati la maabara. Wageni fulani walileta vyombo, na prefe wetu, mkuu wa shule, akavifungia, akaweka ufunguo mfukoni mwake, karibu na rozari. Mkaguzi akija, kabati linafunguliwa, vyombo vinapanguswa vumbi, mkaguzi anatikisa kichwa, kabati linafungwa. Prefe hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kwamba kikivunjika kitu, hakitapatikana kingine. Vyombo vyetu vilikuwa vizima kabisa kwa sababu havijawahi kugusa kitu chochote. Sisi tulichora. Nilikuwa hodari wa kuchora. Nilichora moto, sufuria, mvuke, na kipimajoto ubaoni, na juu ya kipimajoto niliandika mia kwa chaki nyekundu.

Sijui siku ile nilipata wapi ujasiri. Nilimsumbua prefe mpaka akanipa kisanduku cha vipimajoto viwili, vya kioo, akaniambia, "Madamu, nakupa macho yangu mawili." Nikaleta mbabula, sufuria na makala uwanjani, kalasi ikazunguka. Nilimchagua Dieumerci asome. Huenda unamkumbuka, yule mrefu wa Bambu, ambaye baba yake alikuwa anachimba dhahabu, aliyekuwa anakuazima kofia yake. Maji yalianza kucheza, yakaruka, mvuke ukajaa.

"Madamu, imesimama," alisema.

"Imesimama wapi?"

"Kwa tisini na sita. Hata haifike vizuri."

"Ngoja. Ongezeni makala."

Wakaongeza. Wakapepea mpaka majivu yakaingia machoni. Maji yaliruka kama yamepagawa, na ule uzi ndani ya kioo haukusogea.

"Maji ya Bunia iko muvivu!" mmoja akapiga kelele. "Haifikake mia!"

"Ao kitabu ndiyo iko na bongo, inadanganya?" mwingine akasema, na wakacheka. Mimi nilihisi uso unawaka. Nilikuwa na miaka michache ya kazi, nilikuwa mwanamke, na walikuwepo pale vijana walionizidi urefu. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba kipimajoto kimeharibika.

"Tuweke ile ingine," alisema Dieumerci. Akaiweka. Tukangoja. Tisini na sita.

"Hata hicho kimeharibika," nikasema.

Aliniangalia, hakuwa na dharau usoni. Alikuwa anafikiri kweli.

"Vyote viwili, Madamu? Kwa namba moja?"

Nikawaambia warudi ndani. Nikaandika ubaoni mia, kwa chaki nyekundu. "Maji yanachemka kwa digrii mi…" Wakaitikia wote. Yeye alifungua mdomo, lakini nilikuwa namwangalia, hakutoa sauti.

Likizo ilikuja tukaenda Kasenyi, kule chini kando ya ziwa, kwa mama yako mkubwa Ruta. Hii nataka uikumbuke zaidi ya vyote, ndiyo maana naiandika polepole. Ulikuwa kama na miaka minane. Lori lilishuka ule mteremko, masikio yakaziba, ukaniuliza masikio yanaziba kwa nini, nikakujibu kwamba ni upepo. Ziwa lilitokea chini, jeupe. Ruta alipika maharage, tukala jua bado liko juu.

"Haya maharage imeiva mbiyo," nilimwambia dada yangu.

"Huku iko vile. Ni maji ya ziwa," alisema. "Batu ya Bunia munamalizaka makala bure."

Na wewe, mdomo umejaa, ukasema: "Na tukipeleka hii maji kule Bunia, maharage itaiva mbiyo vile vile?"

Ruta alicheka, akakupiga kofi dogo la kisogo. "Huyu mutoto! Kula." Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebeba vile vipimajoto mkobani, nikitumaini kuviona vimeharibika kweli ili moyo wangu utulie. Nikachemsha maji yako ya ziwa. Uzi ukapita tisini na sita bila kugeuka nyuma, ukasimama karibu na tisini na nane. Vyote viwili.

Tulirudi Bunia na bidoni moja iliyojaa maji ya ziwa. Unakumbuka yule mama wa samaki kwenye lori?

"Ee Mama, Bunia kumekosa maji?"

"Ni maji ya huyu mutoto," nikamjibu.

"Basi huyo mutoto iko mufalme. Anakunywaka tu ya ziwa!"

Tukapika maharage nyumbani, nusu kwa maji ya ziwa, nusu kwa maji ya bomba, sufuria mbili pamoja. Ulikaa kati yake kama mlinzi. Yalichelewa yote, sawasawa, kama siku zote. Na maji ya ziwa, yalipochemka hapa juu, yalisimama palepale pa siku ile ya shuleni: tisini na sita, hayakufika vizuri. Ulipiga makofi. "Si maji, Mama! Ni mahali!"

Ni mahali. Wewe uliyesema. Na mimi nilikaa chini, kwenye sakafu ya jikoni, kwa sababu kitu kilikuwa kinafunguka kichwani mwangu. Nilikuwa najua kwamba hewa ina uzito, na kwamba ukipanda mlima hewa iliyo juu yako inapungua. Niliifundisha kila mwaka, ilikuwa sura ya mbele. Nilikuwa najua kwamba maji yakichemka yanapigana na hewa iliyoyakandamiza. Hiyo ilikuwa sura ya nyuma. Sura mbili ziliishi katika kichwa kimoja miaka yote ile, na hazijawahi kusalimiana. Hewa ya Bunia ni nyepesi kuliko ya Kasenyi, maji yanaishinda mapema, na maharage yanateseka kwenye maji yasiyo na moto wa kutosha. Ile mia ya kitabu iko baharini, kule chini kabisa. Mimi sijawahi kufika baharini.

Niliamua kwamba shule ikifunguliwa, kitu cha kwanza ni kumwita Dieumerci mbele ya wote na kumwambia: vipimajoto vilikuwa vizima. Nilifanya hata mazoezi ya maneno hayo nikifua nguo.

Shule haikufunguliwa, vita vilitangulia. Yaliyofuata unayajua, sina haja ya kuyarudia kwa mtu aliyelala na mimi chini ya kitanda kimoja. Kabati la prefe lilivunjwa, vyombo vikabebwa kwa kunywea pombe. Vipimajoto vilibaki kwa sababu vilikuwa kwetu, vimefungwa kwenye kitambaa chako cha utotoni.

Lakini siku ya barie, ya kizuizi kile cha barabarani, lazima niiandike, kwa sababu hatujawahi kuiongea. Tulikuwa tunatoka uwanja wa ndege kule walikojikusanya wakimbizi, tukitaka kuona kama nyumba ingalipo. Kamba ilikuwa imefungwa kukata barabara, vijana wenye bunduki wamekaa juu ya makochi ya watu. Mmoja akasimama, mrefu. Alikuwa Dieumerci.

"Aa! Ni Madamu! Muangalie, batu, huyu ni Madamu wangu wa fizike."

"Weye ulisoma lini, weye?" wenzake walimcheka. "Weye na kalamu mulionana wapi?"

"Nilisoma! Munabisha?" Akanikaribia. Bunduki ilikuwa imelala begani mwake kama jembe. "Madamu, nikuulize kitu moja. Maji inachemuka kwa ngapi?"

Nilikuwa nimekushika mkono. Mkono wako ulitulia, najua ulikuwa unangoja, maana jibu hilo lilikuwa la kwako. Na mimi niliangalia zile nyuso, nikafikiri kwamba mtu akiuliza hivi mbele ya wenzake, anataka kile alichofundishwa, asiaibike.

"Mia," nikasema.

Aliniangalia usoni, kisha akawageukia wenzake.

"Mia," akarudia. "Munaona? Nilisoma." Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Akashusha kamba. "Pita, Madamu. Pita na mutoto."

Hadi leo sijui alitaka jibu gani. Inawezekana alitaka kuwaonyesha wenzake tu. Inawezekana pia kwamba lile swali lilikuwa limekaa naye muda wote ule, kule msituni, na aliponiona alidhani hatimaye ataambiwa. Sijamwona tena. Nimeuliza, hakuna anayejua.

Sifa, kama ningerudishwa kwenye kamba ile na mkono wako mkononi mwangu, ningesema mia tena. Sitakudanganya katika hilo. Kosa langu lilikuja baadaye. Tulifika nyumbani, ukafunga mlango mwenyewe, ukaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, si huku ni tisini na sita? Juu ya nini ulimuambia mia?"

"Nyamaza," nikasema. "Ile neno usiiongee tena."

Na ukanyamaza. Kweli ulinyamaza. Nilitaka tu dunia ikae kimya kidogo. Lakini wewe ulikuwa mtoto mwenye akili, ukachukua neno langu lote. Nilipoanza kufundisha watoto wa majirani hapa sebuleni, wewe ulikuwa wa kwanza kuitikia. Unajibu kabla sijamaliza. Nikikuuliza kama umeelewa, "Ndiyo, Mama." Nikiweka kosa makusudi katika hesabu, unalinakili kwa mwandiko mzuri. Majirani wanakusifu kwamba una adabu. Mimi natoka nje, najifanya naanika nguo.

Nilipaswa kukuambia siku ile ile, tukiwa tumefunga mlango: yako ndiyo kweli, ile ya barabarani ilikuwa ya kutupitisha. Majibu ya aina hiyo yapo, na katika miaka hii yametulinda. Lakini hayaingii ndani ya nyumba, na hayaingii ndani ya kalasi. Mimi niliyaingiza kote kuwili. Nakuambia sasa, kwa kuchelewa. Huku ni tisini na sita, na haifiki vizuri. Ulikuwa sahihi.

Kule unakoenda wanasema shule ina maabara. Labda ina kabati tu. Utakuta walimu wa kila namna, wengine watakuwa kama mimi, wenye njaa na woga na chaki nyekundu. Usiwaaibishe bure. Mwalimu akisema "ni kanuni", iandike, halafu nyumbani uigeuze geuze uone imetoka wapi. Ile hasi mara hasi nimeitafuta mpaka nikaipata, nikiwa mtu mzima, nimekaa juu ya gunia la makala, na nilicheka peke yangu kama kichaa. Sitakuambia nilivyoipata. Ni yako kuitafuta.

Mimi nabaki. Shule itaanza tena chini ya mahema, na prefe ameniomba nirudi. Nilimpelekea vipimajoto vyake jana. Alivishika vyote viwili, akanitazama juu ya miwani.

"Si ulisema zimeharibika, Madamu?"

"Niliyeharibika ni mimi, Prefe."

Alicheka hata akatoa kitambaa ajifute macho. Nikamweleza kwamba unaenda Kisangani kusoma. Akanirudishia kimoja. "Hii, mupatie yule wa bidoni," alisema. Kumbe habari ya bidoni ilifika mpaka kwake. Kile kingine kitakaa mezani kwangu, bila kabati. Somo la kwanza nitaleta mbabula, na sitaanza sentensi yoyote. Nitangoja wao.

Kwa hiyo ukifungua sanduku lako utakuta kitu kigumu ndani ya karatasi hizi. Nimekizungushia barua yote ili kisivunjike juu ya magunia. Mwambie shangazi yako akuazime sufuria. Atapiga kelele, mwache apige. Kisangani ni chini, kando ya mto. Weka maji motoni, kipimajoto kisiguse chini ya sufuria, ngoja mpaka uzi usimame. Usiandike mia kwa sababu kitabu kimesema, wala tisini na sita kwa sababu mama yako amesema. Andika ulichokiona, umpe mtu yeyote anayekuja na ndege.

Mimi sijui itakuwa ngapi. Ningeweza kukadiria, sitaki. Naitaka kutoka kwako.

Na chini ya hiyo namba, uniandikie swali. Moja, lolote, hata la kunikasirisha. Nikilipata hilo nitajua umefika.

Nasikia sauti ya Mama Zawadi uani, anakusindikiza. Nakifunga kipimajoto chako sasa.

Mama yako